Mifupa ya Bibi na Vidonge vya Dukani

Katika likizo ya Juni nilikwenda kumwona bibi, mzaa mama, kule juu Mwika. Nilimkuta mkono wake wa kulia umefungwa plasta. Alikuwa ameteleza mlangoni na ndoo ya maji, akajikinga kwa kiganja, mfupa ukavunjika karibu na kifundo. Hakuanguka kutoka mtini. Alianguka kutoka kimo chake mwenyewe tu. Mama alipopita Himo akanunua chupa ya vidonge vya kalsiamu na vitamini D, kwa fedha zilizokuwa za sare yangu ya shule. Basi nilitaka kujua kama sare yangu imekwenda mahali pa maana. Nilimwuliza mwalimu wetu wa Baiolojia, naye akanipa vitabu.

Watu wengi hudhani kwamba mfupa ni kitu kikavu kama jiwe. Sivyo. Mfupa u hai, na kila siku seli fulani hubomoa sehemu iliyochakaa, na seli nyingine hujenga mpya. Siku za mwanamke zinapokoma, homoni iitwayo estrojeni, ambayo ilikuwa ikiwazuia hao wabomoaji, hupungua sana, nao hubomoa upesi kuliko wenzao wanavyojenga. Ndiyo maana akina bibi huvunjika mifupa zaidi ya akina babu. Kalsiamu ndiyo tofali la ujenzi huo. Vitamini D hufanya kazi nyingine: huusaidia utumbo kuipokea kalsiamu, na ikikosekana, sehemu kubwa ya kalsiamu tuliyokula hupita bure.

Vitamini D hutengenezwa na ngozi yetu ikipigwa na jua. Sisi tuko nyuzi 3 na kitu tu kusini mwa Ikweta, na jua la Holili halihitaji kuelezwa kwa mtu aliyewahi kusimama paredi hapa saa sita. Mwaka 2012 wataalamu walitangaza matokeo ya kupima damu ya Wamasai 35 na Wahadzabe 25 wa nchi yetu, watu washindao nje mchana kutwa. Wastani wa vitamini D yao ulikuwa nanomoli 115 kwa lita, na madaktari wengi huhesabu kuwa 50 zatosha. Nilipowasomea wenzangu bwenini walicheka, wakasema mama amenunua jua kwenye chupa.

Nami nilicheka, lakini nikakumbuka kwamba wale waliopimwa hawakuwa wazee. Ngozi ya mzee hutengeneza vitamini D kidogo kuliko ya kijana, hata wakikaa juani pamoja. Tena bibi yangu, ambaye zamani alikuwa akipandisha nyasi za ng'ombe kichwani kutoka tambarare, sasa hushinda jikoni karibu na moto, amevaa sweta na khanga mbili, na mwezi wa Juni kule juu ni ukungu. Jua letu la Holili halimfikii.

Je, vidonge vinasaidia? Ufaransa, mwaka 1992, yalitangazwa majaribio juu ya wanawake zaidi ya 3,000 walioishi katika nyumba za wazee, wenye umri wa wastani wa miaka 84. Waliopewa kalsiamu na vitamini D kwa miezi 18 walivunjika nyonga pungufu kwa asilimia 43. Lakini Marekani, mwaka 2006, katika wanawake zaidi ya 36,000 waliofuatwa kwa miaka 7 hivi, kuvunjika nyonga hakukupungua kwa kiasi cha kuaminika, na mawe ya figo yaliongezeka kwa asilimia 17. Nionavyo mimi, hawa hawapingani. Wale wa Ufaransa walikuwa wazee sana, tena wengi walipungukiwa. Wale wa Marekani walikuwa vijana zaidi, na wengi walikwisha kupata kalsiamu ya kutosha katika chakula chao.

Huko Marekani mwanamke mzee hushauriwa apate miligramu 1,200 za kalsiamu kwa siku. Bilauri ya maziwa ina kama 300. Ulezi una karibu 340 katika gramu 100, ingawa mwili hauipokei yote. Ajabu ni kwamba sisi watu wa mlimani ulezi wetu mwingi huishia katika mbege. Dagaa wanaoliwa na mifupa yao nao ni wazuri.

Plasta ilipotolewa, mama alikwenda na bibi hospitali, na chupa mkononi. Daktari aliuliza kwanza habari za figo, akapima damu, ndipo akamruhusu aendelee na vidonge baada ya chakula. Akasema pia kwamba kwa mtu aliyevunjika kwa anguko dogo namna ile ziko dawa nyingine za mifupa, arudi waangalie. Kisha akauliza mlango ukoje.

Mjomba amekwisha kuweka saruji pale penye utelezi na nguzo ya kushika. Bibi siku hizi hukaa uani saa nne, mikono wazi, akichambua maharage, akilalamika kwamba jua linamwumiza kichwa na kwamba ulezi wa uji ni ulezi uliopotea. Sare bado sijapata.