Kumchagulia Mwanafunzi Kompyuta Idumuyo

Ufikapo mwezi wa Oktoba, nyumba nyingi za Tanzania huwa katika shughuli moja: kijana amechaguliwa kwenda Chuo Kikuu, naye ameleta orodha ya vitu anavyovihitaji. Godoro, ndoo, shuka na chandarua havimwangaishi mzazi sana. Lakini katika orodha hiyo kimo kitu kimoja ambacho bei yake yaweza kuvipita vyote hivyo vikikusanywa pamoja, nacho ni kompyuta mpakato. Wako wazee ambao huipata kwa kuuza ng'ombe, wako wanaovunja akiba ya miaka, na wako wanaochangiwa na ndugu. Na fedha ya namna hiyo haipatikani mara mbili. Kwa hiyo swali la mzazi si ipi iliyo nzuri, bali ni ipi itakayofika mwaka wa tatu ingali nzima, au mwaka wa tano kwa yule asomaye udaktari.

Ukiingia katika maduka ya Kariakoo utaziona za namna mbili. Kuna mpya za bei nafuu, zimo katika masanduku yao, nyembamba na zenye kung'aa. Kisha kuna za mtumba, zilizotumika katika maofisi ya nchi za mbali na kuletwa kwetu, nyingi kwa njia ya Dubai. Hizi ni nyeusi au za kijivu, nzito kidogo, na pengine pembe zimechubuka. Macho ya kijana huenda kwenye zile mpya. Mzazi naye huona haya kumnunulia mwanawe kitu kilichokwisha tumiwa na mwingine, akadhani amempunja. Hakumpunja hata kidogo. Kwa fedha ile ile, aghalabu ile kuukuu ya ofisi ndiyo itakayodumu zaidi.

Sababu yake ni hii. Kampuni kubwa inunuapo kompyuta kwa ajili ya maelfu ya makarani haitaki urembo. Yataka chombo ambacho fundi ataweza kukifungua, kubadili kilichoharibika, na kukirudisha mezani siku ile ile. Kwa wanunuzi hao watengenezaji wamekuwa na aina zao maalumu: ThinkPad, ambayo IBM iliianzisha mwaka 1992, na Lenovo ikaitwaa pamoja na biashara nzima ya kompyuta ndogo za IBM mwaka 2005, Latitude ya Dell, na EliteBook ya HP. Vitabu vya kuwaongoza mafundi hutolewa wazi, na vipuri vyake ni vingi. Chukua mfano wa ThinkPad T480 ya mwaka 2018: ramu yake yaweza kuongezwa, diski yake yaweza kubadilishwa, na betri moja kati ya mbili zake huchomolewa kwa nje bila bisibisi.

Sasa itazame ile mpya ya bei ya chini. Nyingi katika hizo bawaba zake zimeshikwa na skrubu ndogo zilizokazwa katika plastiki tupu. Kijana ataifungua na kuifunga mara kumi kwa siku; baada ya mwaka mmoja au miwili plastiki itapasuka, kifuniko kitaachama, na mwisho kioo kitavunjika. Tena nyingine zina diski ndogo ya gigabaiti 64 ya aina iitwayo eMMC, ambayo sehemu yake kubwa huchukuliwa na Windows yenyewe kabla mwanafunzi hajaandika kitu, na imelehemiwa kwenye bodi pamoja na ramu, hata haiwezekani kuiongeza. Walakini msomaji asidhani kwamba jina la ofisi latosha peke yake. Zile nyembamba sana, kama ThinkPad X1 Carbon, nazo ramu yake imelehemiwa. Na kompyuta za Apple zilizotoka tangu mwaka 2020 zina nguvu na betri yake hukaa muda mrefu sana, lakini ramu na diski za mpakato zake hazibadilishwi kwa fundi wa mtaani, na kioo chake ni ghali.

Wauzaji wengine husema kwamba bidhaa yao imepita kipimo cha jeshi la Marekani, MIL-STD-810. Kipimo hicho kipo kweli, lakini jeshi halitoi cheti kwa mwenye duka. Mtengenezaji mwenyewe huchagua ni majaribio gani ayafanye. Maneno hayo si uwongo, ila yasikupandishie bei.

Basi ukiisha kuipata uipendayo, usitoe fedha upesi. Iwashe, na usiiamini karatasi iliyobandikwa kando ya kibodi, kwani karatasi huweza kubanduliwa na kubandikwa nyingine. Soma jina la prosesa ndani ya kompyuta yenyewe. Watu husikia "i7" wakadhani wamefika. Tarakimu zifuatazo ndizo zenye habari: i5-8250U ni ya kizazi cha nane, ilhali i7-4600U ni ya kizazi cha nne, na ile ya kwanza ni bora ijapokuwa jina lake laonekana dogo. Jambo hili lina uzito kwa sababu Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa upande wa Intel huanzia kizazi cha nane isipokuwa kwa chache mno. Ramu isipungue gigabaiti 8, na diski iwe ya SSD ya gigabaiti 256. Asomaye uhandisi au uchoraji wa majengo atahitaji zaidi. Asomaye sheria, ualimu au lugha hana haja.

Baada ya hapo ijaribu betri. Katika Windows fungua dirisha la amri, uandike powercfg /batteryreport, nayo itakuandikia ripoti yenye uwezo wa betri ilipokuwa mpya na uwezo ilio nao sasa. Ikiwa wa sasa haufiki nusu, hesabu bei ya betri mpya uiondoe katika bei ya muuzaji. Fungua kifuniko nusu uone kama kinasimama au kinaanguka. Bonyeza kila herufi ya kibodi. Chomeka chaja uitikisetikise polepole, maana tundu lililolegea ni ugonjwa wa kompyuta nyingi za mtumba. Mwisho, izime na uiwashe tena uingie katika BIOS. Ikikudai nenosiri ambalo muuzaji halijui, iache hapo hapo. Huenda ofisi ya kwanza haikuifungua, au huenda iliibwa.

Katika fikihi mnunuzi ana khiyari ya aibu, yaani haki ya kuirudisha bidhaa kwa dosari iliyokuwamo kabla hajaipokea naye hakuijua. Kwa madhehebu ya Imamu Shafii, ambayo ndiyo ya wengi wetu wa pwani, hurudishwa mara dosari ijulikanapo, bila kukawia. Kwa hiyo dai risiti yenye namba ya kompyuta, na kijana aitumie kwa bidii katika siku za mwanzo, si kuiweka kabatini mpaka chuo kifunguliwe.

Kuhusu kuitunza, adui mkubwa ni joto. Wanafunzi hupenda kuiweka juu ya godoro, na godoro huziba matundu ya feni. Ubao mmoja mdogo chini yake watosha. Dodoma vumbi husakama feni, basi fundi aisafishe mara moja kwa mwaka. Dar es Salaam, Tanga na Unguja hewa ya chumvi hula vyuma, isiachwe dirishani. Na umeme ukikatika, chaja ichomolewe mpaka urudi na kutulia.

Iko hatari moja ambayo bawaba na betri haziikingi, nayo ni wizi wa mabwenini. Utafiti wa mwaka wa mwisho uwe na nakala katika flashi iwekwayo mbali na kompyuta, na nyingine katika barua pepe ya mwanafunzi, na nakala hizo zifanywe upya kila Ijumaa.