Joto, Barafu na Hesabu ya Siku: Uhifadhi wa Dawa za Sindano Kasulu na Kibondo

Dawa za sindano zinazotumika kutibu kisukari na kupunguza uzito huharibika bila kutoa dalili inayoonekana kwa urahisi. Kichupa cha insulini kilichoachwa juani mchana kutwa huweza kufanana kabisa na kile kilichotoka kwenye jokofu saa hiyohiyo, na kalamu ya semaglutide iliyoganda usiku ikayeyuka alfajiri huweza kubaki angavu, isiyo na rangi wala chembe, ingawa sehemu ya nguvu yake imekwisha kupotea. Kwa sababu hiyo ubora wa dawa hizi haujulikani kwa kuzitazama tu, bali kwa kujua zilipitia joto gani, kwa siku ngapi, na kama ziliwahi kuganda. Katika wilaya za Kasulu na Kibondo, mkoani Kigoma, Tanzania, ambako umeme wa kukatikakatika, safari ndefu na maisha ya kambi za wakimbizi hukutana na hali ya hewa yenye upole wa milimani, historia hiyo ya kila kichupa inastahili uangalifu mkubwa kuliko unaopewa kwa kawaida.

Sindano ya aina hii iliyozoeleka katika wilaya hizo ni insulini, iliyotumika kwa mara ya kwanza kumtibu mgonjwa huko Toronto, Kanada, mwezi Januari 1922. Hata hivyo imeongezeka jamii nyingine ya dawa, zile zinazoiga homoni ya GLP-1, ambayo utumbo huitoa baada ya mlo ili kuiamsha kongosho itengeneze insulini, kuchelewesha chakula kutoka tumboni na kuufahamisha ubongo kuwa mtu ameshiba. Katika jamii hiyo zimo liraglutide, semaglutide, ambayo huuzwa kwa majina ya Ozempic na Wegovy, na tirzepatide, ijulikanayo kama Mounjaro, ambayo huiga pia homoni ya pili iitwayo GIP. Mwezi Septemba 2025 Shirika la Afya Duniani liliziingiza dawa za jamii hii katika orodha yake ya dawa muhimu, kwa ajili ya wagonjwa wa kisukari cha aina ya pili wenye kiribatumbo pamoja na ugonjwa wa moyo au wa figo. Mwaka 2026 hataza kuu ya semaglutide, yaani haki ya kisheria ya mgunduzi kuitengeneza peke yake, inafikia ukomo katika nchi kadhaa zikiwemo India na China, na kwa kuwa India ni chanzo kikubwa cha dawa zinazotumika Afrika Mashariki, hakuna sababu ya kudhani kwamba kalamu hizi zitabaki kuwa bidhaa ya Dar es Salaam na Nairobi pekee. Jokofu litakalozipokea Kasulu ni lilelile linalohifadhi insulini leo, na kasoro zake zitakuwa zilezile.

Kinachoziunganisha dawa hizi ni umbile lao. Kila moja ni mnyororo wa asidi amino, ambazo ni vipande vidogo vinavyojenga protini: semaglutide ina vipande 31, tirzepatide 39, na insulini 51 vilivyopangwa katika minyororo miwili. Mnyororo huo hufanya kazi mwilini pale tu unapokuwa na mpangilio wake sahihi na umbo lake sahihi. Joto huushambulia kwa njia mbili. Ya kwanza ni ya kikemikali, ambapo maji na oksijeni hubadilisha baadhi ya vipande kidogokidogo, na kasi ya mabadiliko hayo huongezeka kadiri joto linavyopanda. Ya pili ni ya kiumbo, ambapo minyororo hukunjuka, ikashikana na kuunda nyuzinyuzi zisizoweza kurudi katika hali ya awali, kama ute wa yai uliokwisha kuiva. Mabadiliko ya kikemikali hujumlishana, kwa maana kwamba saa sita za joto la leo huongezwa juu ya saa sita za jana, na kuirudisha dawa kwenye jokofu hupunguza kasi ya hesabu bila kuifuta.

Ndiyo maana maelekezo ya watengenezaji yana sehemu mbili ambazo wagonjwa wengi huzichanganya. Tarehe ya mwisho wa matumizi iliyochapwa kwenye boksi huhusu dawa ambayo haijafunguliwa na ambayo muda wote imehifadhiwa kati ya nyuzi joto 2 na 8 za Selsiasi. Dawa ikishaanza kutumika, au ikishatolewa kwenye ubaridi, huanza muda mwingine mfupi zaidi, na tarehe ya kwenye boksi haina tena nguvu ya kuilinda. Ozempic ikishaanza kutumika, kibali chake cha Marekani huruhusu siku 56 katika joto lisilozidi nyuzi 30, ilhali cha Umoja wa Ulaya huruhusu wiki 6. Liraglutide ya kupunguza uzito, Saxenda, hupewa takriban mwezi mmoja. Wegovy ya dozi moja moja inayouzwa Marekani huweza kukaa nje ya jokofu hadi siku 28 kabla ya kifuniko chake kuondolewa, na kalamu ya Mounjaro ya dozi moja hadi siku 21. Insulini ya kichupa, kwa kawaida, hupewa wiki 4 baada ya kufunguliwa. Mgonjwa hapaswi kuokota idadi ya siku kutoka kwa jirani anayetumia dawa yenye jina jingine, na anayefuata karatasi iliyomo ndani ya boksi lake mwenyewe yuko salama kuliko anayefuata kumbukumbu za watu.

Kwa upande wa joto, nyanda za juu za Kigoma zina bahati ambayo haitajwi mara nyingi. Miji ya Kasulu na Kibondo iko zaidi ya mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, wakati uso wa Ziwa Tanganyika uko karibu mita 770, na tofauti hiyo huwapa wakazi wa huku juu usiku wa baridi ambao watu wa Ujiji, kando ya ziwa hilo, hawaujui. Ndani ya nyumba ya matofali ya udongo iliyoezekwa kwa nyasi joto hupanda polepole mchana na kushuka usiku, kwa hiyo dawa iliyoanza kutumika mara nyingi huweza kubaki chini ya nyuzi 30 bila jokofu. Hali hubadilika chini ya bati lisilo na dari, hasa mwishoni mwa kiangazi, kati ya Septemba na kuanza kwa mvua, na hubadilika zaidi ndani ya vibanda vya maturubai katika kambi za Nyarugusu, wilayani Kasulu, na Nduta, wilayani Kibondo, ambamo joto la alasiri hunaswa na kukosa pa kutokea. Katika nyumba za namna hiyo mahali pa kuweka dawa ni chini, karibu na sakafu ya udongo na mbali na ukuta wa magharibi, wala si juu ya kabati karibu na paa.

Adui asiyetajwa vya kutosha ni barafu. Watu wameambiwa kwa miaka mingi kwamba dawa hizi hupenda baridi, na kutokana na hapo baadhi huhitimisha kwamba baridi zaidi ni bora zaidi, hata kalamu ikawekwa kwenye friza au ikabanwa kwenye ukuta wa nyuma wa jokofu, mahali panapoganda kwanza. Maji yanapogeuka barafu huvisukuma kando vitu vyote vilivyoyeyuka ndani yake, hivyo protini na chumvi hubanana katika nafasi ndogo iliyobaki, uchachu wa kimiminika huweza kubadilika, minyororo hushikana, na kioo huweza kupata ufa ambao jicho halioni. Joto la kupita kiasi kwa saa chache huweza kupunguza sehemu ndogo ya nguvu ya dawa, lakini kuganda hata mara moja kunatosha kwa watengenezaji wa dawa zote zilizotajwa kuagiza dawa itupwe. Wahudumu wa chanjo wa Tanzania wanalifahamu vizuri jambo hili, kwa sababu chanjo kadhaa wanazozibeba katika mnyororo baridi, yaani utaratibu wa kutunza ubaridi kutoka bohari hadi kijijini, huharibika zikiganda. Ujuzi huo uliokwisha kujengwa katika zahanati haujahamishiwa ipasavyo kwa mgonjwa anayerudi nyumbani na insulini yake ndani ya mfuko wa barafu.

Hadi mwanzoni mwa miaka ya 2020 miji ya Kasulu na Kibondo ilitegemea jenereta za dizeli, na ilikuwa mwaka 2022 ndipo ilipounganishwa na gridi ya taifa. Umeme wa gridi umepunguza saa za giza, ila haujaondoa kukatika, na kila unaporudi jokofu dogo la nyumbani hufanya kazi kwa nguvu zote na kushusha joto la ukuta wake wa nyuma chini ya sifuri, ingawa katikati bado kuna uvuguvugu. Kipimajoto cha bei nafuu kilichowekwa katikati ya rafu, pamoja na chupa chache za maji zilizojazwa katika nafasi tupu ili zitunze ubaridi umeme unapokatika, hulinda dawa kuliko kulihamisha jokofu au kulifungua mara kwa mara kukagua.

Swali la wale wasio na jokofu kabisa limejibiwa kwa sehemu kubwa na utafiti uliofanyika Afrika Mashariki. Katika kambi ya Dagahaley, Dadaab, kaskazini mashariki mwa Kenya, wagonjwa wa kisukari hawakuruhusiwa kwenda na insulini nyumbani kwa hofu ya joto, hivyo walilazimika kurudi hospitali mara kadhaa kwa siku kuchomwa sindano. Madaktari Wasio na Mipaka pamoja na Chuo Kikuu cha Geneva walipima joto ndani ya makazi ya kambi hiyo, wakakuta likipanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37, kisha wakairudia hali hiyo maabara kwa wiki 4. Matokeo yaliyochapishwa Februari 2021 yalionyesha kwamba aina za insulini zilizopimwa zilipoteza nguvu isiyozidi asilimia 1, sawa na zilizokaa kwenye ubaridi. Mwaka 2023 mapitio ya Cochrane, yanayokusanya na kuchambua ushahidi wa tafiti nyingi kwa pamoja, yalihitimisha kuwa insulini ya binadamu isiyofunguliwa huweza kuhifadhiwa hadi miezi 6 katika joto lisilozidi nyuzi 25, na hadi miezi 2 katika joto lisilozidi nyuzi 37, bila upungufu wenye madhara kwa tiba. Nduta na Nyarugusu zina ubaridi kuliko Dadaab, na kumnyima mgonjwa wa huko ruhusa ya kukaa na dawa yake kwa sababu tu hana jokofu ni kumtesa bila msingi wa kisayansi. Pamoja na hayo, matokeo hayo ni ya insulini. Hayawezi kuhamishiwa kwenye semaglutide au tirzepatide, ambazo zina umbile na mchanganyiko tofauti, na ambazo kikomo chake kilichoidhinishwa ni nyuzi 30.

Chungu cha udongo husaidia kulibakiza joto ndani ya kikomo hicho. Vyungu viwili huwekwa kimoja ndani ya kingine, nafasi iliyo kati yao ikajazwa mchanga unaomwagiwa maji, na mdomo ukafunikwa kwa kitambaa kibichi. Maji yanapopenya udongo na kugeuka mvuke huchukua joto kutoka ndani. Kipimo cha ufanisi wake ni ukavu wa hewa. Katika miezi ya Juni hadi Septemba, wakati nyasi za wilaya hizi zimekauka, uvukizi ni mwingi na chungu hufanya kazi yake barabara, tena kwa bahati njema msimu huo unaishia katika siku zile za joto kali. Wakati wa masika hewa ikishajaa unyevu uvukizi hupungua, na chungu hubaki kivuli tu, jambo lisilo na madhara makubwa kwa kuwa mvua nayo huleta ubaridi. Chungu hakifikishi nyuzi 8, kwa hiyo hakifai kutunza akiba ya miezi mingi. Kinachofaa kuwekwa humo ni dawa inayotumika sasa, ndani ya mfuko usiopitisha maji ili maandishi ya lebo yasifutike.

Hatari kubwa zaidi huweza kuwa barabarani. Dawa inayotumwa na ndugu kutoka Dar es Salaam kwa basi husafiri zaidi ya kilomita 1,000, ikipita nchi ya joto ya kati na bonde la Malagarasi, mara nyingi katika sehemu ya mizigo au juu ya dashibodi inayopigwa na jua, na anayeipokea haambiwi ilitoka kwenye ubaridi lini. Tarehe hiyo ingeandikwa kwa kalamu ya wino kwenye boksi lenyewe, pamoja na tarehe ya kufunguliwa, sehemu kubwa ya utata ingekwisha. Usafirishaji usio na kumbukumbu hufungua pia mlango kwa dawa bandia: mwezi Juni 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari kuhusu semaglutide bandia iliyogunduliwa mwaka 2023 nchini Brazili, Uingereza na Marekani. Namba ya toleo iliyochapwa kwenye boksi na usajili wa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba ni vitu vya kukaguliwa kabla ya kulipa.

Athari za dawa iliyopoteza nguvu nazo hazifanani, na hapo ndipo dawa za kupunguza uzito zinapohitaji uangalizi wa pekee. Insulini iliyodhoofika hujulikana ndani ya siku chache, kwa sababu kipimo cha sukari hupanda bila sababu nyingine, na mgonjwa aliyefunzwa hubadilisha kichupa. Semaglutide hudumu mwilini kwa muda mrefu, kiasi chake kikipungua kwa nusu katika takriban wiki moja, hivyo kalamu iliyoharibika hujitokeza taratibu, kwa njaa inayorudi na uzito unaosimama, dalili ambazo mgonjwa huzihusisha na ulaji wake mwenyewe. Akiongezewa dozi juu ya kalamu dhaifu, kisha akafungua kalamu nzima yenye nguvu kamili, huweza kupatwa na kichefuchefu na kutapika kwa nguvu, kwa kuwa mwili wake haukuzoeshwa. Dozi ya Wegovy huanzia miligramu 0.25 kwa wiki na kupandishwa kwa hatua katika wiki 16 hadi kufikia 2.4 kwa sababu hiyohiyo. Kwa hiyo mtoa huduma wa Kasulu au Kibondo anayeelezwa kwamba sindano haifanyi kazi anapaswa, kabla ya kuandika dozi kubwa zaidi, kuuliza kalamu ilitunzwa wapi, iliganda au haikuganda, na ilifunguliwa tarehe gani, kisha aibadilishe inayotiliwa shaka na, ikiwa wiki kadhaa zimepita bila dawa yenye nguvu, afikirie kumwanzishia mgonjwa upya kwa dozi ya chini.