Je, Wajua? Homoni Isiyongoja Amri

Miongoni mwa yale yanayosemwa vibarazani juu ya dawa za maradhi ya akili, kwamba hunenepesha, hulegeza ulimi na kumlaza mtu mchana kweupe, mengi yana asili ya ukweli. Lakini liko moja ambalo halisemwi barazani, wala jikoni, wala, la ajabu zaidi, chumbani kwa tabibu, nalo ni kwamba mwanamke aliyeanza kumeza haloperidoli, au kudungwa ile sindano ya kila mwezi, huweza kuona siku zake zinachelewa, kisha zinaruka mwezi, kisha zinakatika kabisa, ilhali si mja mzito wala hajafikia umri wa kukoma hedhi. Mume hushuku mimba, mama mkwe hushuku utasa, na jirani huapa kwamba waliomrusha akili ndio hao hao waliomfunga kizazi. Mgonjwa mwenyewe, aliyekwisha kuchoka kuelezwa na kila mtu habari za mwili wake, huacha dawa kimya kimya. Na baada ya miezi michache ndugu zake humrejesha hospitali ya akili, iwe Mirembe, au Mathari, au Kidongo Chekundu, wakisema maradhi yamerudi bila ya sababu.

Sababu ipo, tena ni katika mambo mazuri kabisa ya elimu ya mwili wa binadamu. Chini ya ubongo, ndani ya kishimo cha mfupa kilicho nyuma ya mzizi wa pua, imelala tezi ya pituitari, ambayo kwa kawaida haifikii uzito wa gramu moja, na ambayo homoni zake karibu zote hungoja amri kutoka sehemu ya ubongo iliyo juu yake, iitwayo haipothalamasi: amri isipoteremka, nazo hupungua. Prolaktini, yaani homoni ya maziwa, ina tabia ya kinyume. Yenyewe haihitaji sana kuamrishwa, bali huhitaji kuzuiwa, na mzuiaji wake ni dopamini, inayoteremka mchana na usiku kwa mishipa myembamba ya damu hadi kwenye tezi. Ni mfano wa chemchemi iliyofunikwa kwa jiwe, ambayo alitoaye jiwe hana haja ya kuyaambia maji yatoke. Wataalamu walipoukata, katika wanyama, ule ukonyo unaoiunganisha tezi na ubongo, homoni nyingine zilififia, na prolaktini ikazidi.

Basi dawa nyingi za kutuliza sauti zisizo na msemaji na shuku zisizo na msingi hufanya kazi kwa kuziba vipokezi vya dopamini, na dawa haichagui kipokezi cha fikra ikakiacha cha maziwa. Ikiifikia tezi huziba huko pia, kizuizi huondoka, na prolaktini hupanda, pengine katika siku chache za mwanzo. Ikisha kupanda, hurudi juu na kuzififisha zile seli za haipothalamasi ambazo, katika nusu ya kwanza ya mwezi wa mwanamke, hutoa mapigo ya homoni kila baada ya saa moja au saa na nusu hivi ili kuziamsha ovari; mapigo yakipungua, yai halipevuki, na yai lisipopevuka mpango mzima wa hedhi huvurugika. Kila mama wa pwani na bara anaujua mpango huu ingawa hajausoma, kwa kuwa ndio huo huo unaomkawilisha anyonyeshaye kupata siku zake. Tofauti ni kwamba huyu anayetumia dawa hana mtoto kifuani, na huenda akashtuka kuona maziwa yamelowesha kanga yake.

Klorpromazini, ya kwanza katika jamii hii ya dawa, iliundwa Ufaransa mwezi wa Disemba 1950 na mkemia Paul Charpentier, na mwaka wa 1952 Jean Delay na Pierre Deniker wakaitumia kwa wagonjwa wa hospitali ya Sainte-Anne mjini Paris. Kabla ya muongo huo kwisha, matabibu walikwisha kuona wanawake wanaoimeza wakikatikiwa na hedhi na kutokwa na maziwa, lakini homoni yenyewe ilikuwa bado haijatambuliwa mbali na nyingine katika mwili wa binadamu, jambo lililongoja hadi miaka ya 1970 na kitu. Ilikuwa ikijulikana kwa njiwa. Oscar Riddle, Mmarekani, aliipa jina lake katika miaka ya 1930, na kwa muda mrefu njia ya kuipima ilikuwa kumdunga njiwa kisha kutazama kuta za gole lake zilivyonenepa, kwani njiwa, dume kwa jike, hulisha makinda yake kwa uji mweupe utokao goleni kwa nguvu ya homoni hiyo hiyo.

Dawa hazilingani katika jambo hili, na hapa ndipo mgonjwa anapostahili kuelezwa. Haloperidoli, fluphenazini na klorpromazini, ambazo ndizo zilizozoeleka katika hospitali zetu kwa kuwa ni rahisi kwa bei, hupandisha prolaktini. Risperidoni, ingawa ni ya kisasa, huipandisha zaidi, kwa sababu tezi ya pituitari iko nje ya ule uzio unaoukinga ubongo na vitu vya damuni, hivyo dawa inayopita uzio kwa taabu huikuta tezi wazi. Olanzapini huipandisha kidogo, kwetiapini na klozapini aghalabu haziigusi, na aripiprazoli, inayokaa kwenye kipokezi na kukiamsha nusu nusu, huweza hata kuishusha, ndiyo maana baadhi ya matabibu huiongeza juu ya dawa ya zamani badala ya kuiondoa.

Nimeitazama mara nyingi ile bahasha ndogo ya dawa inayotolewa dirishani, imeandikwa 1x2 kwa wino wa bluu na jina la mgonjwa limekosewa herufi, na sijaona hata moja iliyotaja hedhi. Najua karatasi ni finyu, ulimi je? Kumwuliza mwanamke siku zake za mwisho alizipata lini hakuhitaji mashine wala ada ya maabara, na kutoliuliza swali hilo ni taksiri, hata kama foleni imefika mlangoni. Mwanamke wa Kiislamu aliyeachwa huhesabu eda yake kwa hedhi, na hedhi ikikatwa na sindano hesabu huingia mashaka. Kadhi atamfaa zaidi akiwa na cheti cha tabibu kinachotaja sababu. Tena hedhi ikikosekana kwa muda mrefu kwa sababu hii, homoni ya estrojeni hushuka na mifupa hupungua nguvu, jambo ambalo halionekani kwa macho hadi mfupa uvunjike.

Dawa nyingine nazitaja kwa haraka. Lithiamu huweza kuidhoofisha tezi ya shingo, na hedhi ikawa nzito. Valproeti huvuruga mzunguko, na kwa kuwa huharibu kiumbe tumboni haifai kupewa msichana bila ya kinga madhubuti. Karbamazepini huliharakisha ini kuzivunja homoni za vidonge vya kuzuia mimba na za kijiti cha mkononi, hata mimba ikaingia. Dawa za huzuni mara chache hubadili siku, na baadhi yake hutumika kutibu uchungu wa roho unaotangulia hedhi. Na metoklopramidi ya kuzuia kutapika, ambayo wala si dawa ya akili, hupandisha prolaktini vile vile.

Hedhi ikikatika, kipimo cha mimba ndicho cha kwanza, kisha cha tezi ya shingo na cha prolaktini. Na yakiambatana maumivu ya kichwa na kupungua kwa kuona pembeni, tezi yenyewe ichunguzwe, kwani huota uvimbe. Dawa isiachwe kwa shauri la jirani. Ipunguzwe au ibadilishwe na aliyeiandika. Na mwanamke anayebadilishiwa dawa ajue kwamba yai hutangulia damu, yaani anaweza kushika mimba kabla ya kuiona hedhi ya kwanza; basi asiyetaka mtoto aanze kinga siku ile ile anayoanza dawa mpya.