Kijiti cha Kauri na Mguu wa Garibaldi

Sogeeni, wajukuu, niwasimulie kisa cha kweli.

Mwaka 1862, huko Italia, palikuwa na jemadari aitwaye Giuseppe Garibaldi, kipenzi cha watu wake. Tarehe 29 Agosti, katika milima ya Aspromonte, alipigwa risasi kwenye kifundo cha mguu wa kulia. Wiki zikapita, jeraha halifungi, mguu umevimba. Madaktari wakawa wanapishana mlangoni. Huyu anasema risasi ilishatoka, yule anasema ingali ndani.

Wangejuaje? Eksirei hazikuwapo, Wilhelm Röntgen aligundua miale hiyo mwaka 1895. Daktari alikuwa na kijiti chembamba cha chuma, akikipenyeza jerahani polepole mpaka kigote kitu kigumu. Lakini mfupa ni mgumu, na risasi nayo ni ngumu. Kipi ni kipi?

Ndipo akaja Auguste Nélaton, daktari mpasuaji wa Ufaransa. Yeye aliamini risasi imo, ila alitaka ushahidi. Akaagiza kijiti chenye kichwa kidogo cha kauri nyeupe isiyong'arishwa, yenye kukwaruza. Risasi za zama hizo zilikuwa za madini laini, na madini hayo yakisuguliwa kwenye kauri huacha alama, kama mkaa unavyochora ukuta. Mfupa hauachi alama hiyo.

Kijiti kikaingizwa, kikazungushwa, kikatolewa. Kichwa cheupe kina doa la kijivu! Ubishi ukaisha. Mwezi Novemba, mjini Pisa, risasi ikatolewa, na jemadari akabaki na mguu wake.

Mnaona alichofanya Nélaton? Hakuchokoa kwa nguvu zaidi. Alijiuliza: risasi hufanya nini ambacho mfupa haufanyi? Swali hilo liko maabara hadi leo. Mtaalamu anayetafuta jeni fulani hutumia kipande kifupi cha DNA kilichotiwa rangi inayong'aa. Kipande hicho hujishikiza pale tu kinapolandana na jeni hilo, na rangi ikaonyesha lilipo.

Ila msikilize na hili. Mwaka 1881 Rais James Garfield wa Marekani alipigwa risasi, na madaktari wakalipekua jeraha lake kwa vidole na vyuma visivyosafishwa. Usaha ukaenea mwilini, naye akafa baada ya miezi miwili na nusu. Kwa hiyo, wajukuu, mwiba ukizama mguuni msiuchokonoe kwa pini iliyookotwa. Mwambieni mkubwa, mwende zahanati.