Mtoto Asiyetii Huenda Hakuelewa Aliloambiwa

Askari anapopewa amri katika gwaride hana haja ya kukisia. Neno ni moja, sauti ni kubwa, na kila aliyesimama mstarini amelifanyia mazoezi mara nyingi kabla ya siku hiyo. Nyumbani mambo hayako hivyo. Baba aliyerudi kutoka zamu huketi, huvua viatu na kusema, "Kiu hii itaniua." Hakutaja maji, hakutaja kikombe, wala hakumwita mtu yeyote kwa jina, hata hivyo mtoto wa miaka mitano huinuka na kuleta maji. Mama naye husema, "Mlango uko wazi na mbu wanaingia," mara mlango unafungwa. Maombi mengi ya nyumbani huvaa nguo za namna hii. Kwa sura ni habari au swali, lakini ndani yake mna kazi inayongoja kufanywa.

Yuko mtoto ambaye maneno hayo humpita. Huambiwa kwamba mlango uko wazi, akautazama mlango, kisha akaendelea na mchezo wake. Akiambiwa mara ya pili kwa ukali, huutazama uso wa mzazi, akaiona hasira bila kujua chanzo chake. Mara ya tatu ni kofi. Majirani katika kambi humwita mkaidi au mzito wa kichwa, na wengine hudhani ni kiziwi. Huyo ndiye tunayemzungumzia leo: mtoto mdogo mwenye hitilafu ya lugha, aliye kati ya miaka miwili na sita, na jinsi anavyoyaelewa maombi ya wengine na kuyatoa ya kwake. Tunaona inafaa jambo hili lisomwe na askari na polisi kwanza, kwa maana mzazi aishiye kwa amri mchana kutwa ni mwepesi kulihesabu kosa la kutoelewa kuwa kosa la kutotii.

Elimu ya mambo haya inadaiwa sehemu kubwa na mtu aliyewahi kuvaa sare. John Austin alikuwa mwalimu wa falsafa katika Chuo Kikuu cha Oxford, Uingereza. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia alikuwa afisa wa upelelezi wa jeshi, akapanda hadi cheo cha Luteni Kanali, na alikuwa miongoni mwa waliokusanya na kupima habari za adui kabla ya majeshi kutua katika pwani ya Normandy mwezi Juni 1944. Baada ya vita alifundisha kwamba kusema ni kutenda. Mtu anayesema "naahidi", "nakuamuru" au "nakuomba" hatoi habari tu, bali amekwisha kulifanya jambo kwa kule kusema kwake. Mihadhara aliyoitoa juu ya jambo hilo katika Chuo Kikuu cha Harvard mwaka 1955 ilichapishwa kuwa kitabu mwaka 1962, miaka miwili baada ya kifo chake. Sisi hatudai kwamba jeshi ndilo lililompa wazo hilo, ingawa msomaji aliyepata kupokea amri usiku wa manane huenda akawa na maoni yake.

Waliomfuata Austin walianza kuuliza: mtoto hujifunza lini kuomba? Mwaka 1975 Elizabeth Bates, Mmarekani, pamoja na Waitalia wawili, Luigia Camaioni na Virginia Volterra, walichapisha habari za watoto wachanga waliowafuatilia kwa karibu huko Italia. Waliona kwamba mtoto wa miezi tisa au kumi, asiyejua hata neno moja, ameanza kumtumia mtu mzima kama njia ya kukipata kitu. Hukitazama kitu, humgeukia mama, hutoa sauti, hukirudia kitu kwa macho. Baadaye hunyosha kidole. Kwa hiyo ombi hutangulia neno. Neno linapokuja hukuta nia imekwisha kujengwa, nalo huingia humo kama mpangaji.

Miaka mitatu baadaye, mwaka 1978, Marilyn Shatz wa Marekani alieleza jambo lililowashangaza wengi. Watoto wa miaka miwili walipoulizwa, "Unaweza kuufunga mlango?" waliufunga. Mtu angedhani kwamba wameitambua adabu iliyofichwa ndani ya swali. Shatz hakukubali upesi. Alionyesha kwamba mtoto wa umri ule hufuata kanuni moja nyepesi: mtu mzima akisema nawe, tenda jambo. Husikia "funga", husikia "mlango", basi huenda. Afanana na kuruta wa juma la kwanza, ambaye akisikia sauti ya sajini huruka hata kabla ya kujua ameambiwa nini. Kadiri mtoto anavyokua, huanza kupambanua lini swali ni kazi na lini swali ni swali.

Mwaka 1980 Shatz na wenzake wawili walichapisha uchunguzi wa watoto wenye hitilafu ya lugha waliokuwa wa miaka mitano na sita hivi. Watoto hao nao walipoulizwa "Unaweza kufanya hivi?" walitenda, sawasawa na wale wadogo wa miaka miwili. Kwa juu juu hawakuwa na kasoro. Tatizo lilitokea pale maneno yaliyotangulia yalipokuwa yameonyesha kwamba linalotakiwa sasa ni jibu la mdomo na si kitendo. Watoto wasio na hitilafu hujifunza kugeuka kufuatana na mazungumzo. Hawa walishindwa kuutumia mwongozo huo ipasavyo. Kanuni ya utotoni iliwafikisha mahali, kisha ikawa pingu.

Hapo pana jambo ambalo kila mzazi yafaa alishike. Mtoto mwenye hitilafu ya lugha anaweza kuonekana anaelewa kila kitu, kumbe mazingira ndiyo yanayomwelewesha. Mama ameshika sufuria, anautazama mtungi na kuuelekeza mkono, kisha anasema, "Hebu nichotee maji." Hata mgeni asiyejua Kiswahili angechota. Wazazi huapa kwamba mtoto wao anasikia na kufahamu, ila anachagua lini atii. Hawasemi uongo, wanasimulia siku ambazo macho na mikono yao vilisema badala ya midomo. Jaribio lake ni jepesi. Keti, weka mikono mapajani, usikitazame kitu chochote ila uso wa mtoto, umwambie kwa upole jambo asilolitazamia: "Weka kiatu juu ya kiti." Mtoto wa miaka mitatu aghalabu hulifanya huku akicheka. Asipoweza, na siku nyingine tena asipoweza, hilo si la kulitibu kwa fimbo.

Lugha yetu nayo ina mitego yake. "Nipe" na "mpe" hutofautiana kwa silabi ya mwanzo tu, hali maana zake zampeleka mtoto pande mbili. "Ufunge" na "usifunge" hutenganishwa na silabi moja ndogo katikati ya neno. Wataalamu waliowachunguza watoto wasemao Kiingereza wamegundua kwamba viungo vidogo vya sarufi, visivyotamkwa kwa mkazo, ndivyo vinavyowapa shida kubwa wenye hitilafu hii. Si vigumu basi kukisia yanayompata mtoto wa Kiswahili anayepigiwa kelele "Usiguse!" akadaka "guse" peke yake. Badala ya kumkataza, afadhali umwambie la kufanya: "Weka chini." "Kaa hapa." Ofisa yeyote mzuri hujua kwamba amri ya kutenda hufahamika upesi kuliko amri ya kuacha.

Upande wa pili ni wa mtoto mwenyewe kuomba. Wengi wa watoto hawa wana haja na wana nia, ila chombo cha kuzifikishia ndicho kibovu. Mmoja humshika baba mkono na kumvuta hadi kabatini. Mwingine ana neno moja, "hiki", analolitumia kwa uji, kwa mpira na kwa kubebwa. Mtoto asiye na hitilafu akiona hakueleweka hubadili maneno, huonyesha, hueleza upya; huyu hulirudia neno lile lile kwa sauti kubwa zaidi, au hulia, au humpiga aliye karibu, au hunyamaza na kwenda zake. Huyo anayenyamaza ndiye tunayemhofia kuliko wote, kwa kuwa hamsumbui mtu na kila mgeni humsifu kwa utulivu wake.

Hitilafu hii si haba kama watu wanavyodhani. Uchunguzi uliofanywa nchini Marekani na kuchapishwa mwaka 1997 ulikuta watoto kama 7 katika kila 100 waliokuwa wakianza shule, wakiwa na akili ya kawaida na masikio yanayosikia. Darasani penye watoto 30 hao ni wawili. Kwa miaka mingi iliitwa kwa majina tofauti, mpaka kundi la wataalamu 57 likiongozwa na Dorothy Bishop wa Uingereza lilipokubaliana jina moja na kulitangaza mwaka 2017: hitilafu ya lugha ya ukuaji. Urithi wa damu una sehemu yake. Wingi wa lugha hauileti. Hilo tulisisitize, kwa sababu katika kambi za Uganda mtoto husikia Kiswahili kwa askari, Kiluganda sokoni, Kiacholi au Kilugbara au Kiteso kwa mama, na Kiingereza shuleni, kisha wazazi hushauriwa waiache lugha ya mama eti ndiyo inayomchanganya. Mwenye hitilafu huonyesha udhaifu katika lugha zote alizo nazo. Mtoto ambaye ni dhaifu katika lugha ngeni peke yake bado anajifunza tu.

Hatua ya kwanza ni kupimwa masikio. Usaha wa mara kwa mara na homa ya uti wa mgongo huweza kupunguza usikivu, na haifai kumfundisha maneno mtoto ambaye hayasikii. Yafaa pia daktari atazame kama mtoto huonyesha vitu kwa furaha tu, bila kuvitaka. Mtoto anayekuvuta mkono ili apate kitu, lakini hakuonyeshi kamwe ndege angani ili mfurahi pamoja, ahitaji uchunguzi wa namna nyingine. Chuo Kikuu cha Makerere kilianza mwaka 2008 kuwafundisha wataalamu wa tiba ya usemi na lugha. Idadi yao haitoshi, na aliye katika kituo cha mbali hawapati kwa urahisi; hata hivyo yako ambayo mzazi aweza kuyafanya akiwa kwake.

Kubwa kuliko yote ni kungoja. Mzazi mwema humpa mtoto kila kitu kabla hajakitaka, na hapo humnyima sababu ya kusema. Weka ndizi mahali inapoonekana lakini haifikiki. Mtazame mtoto, unyamaze, uhesabu moyoni hata kumi. Akinyosha mkono, sema "ndizi" umpe. Akisema "ndizi", mwambie "nataka ndizi" umpe. Usimlazimishe kurudia sentensi nzima kabla ya kula, kwa maana ombi lenye malipo ya mateso halitarudiwa kesho. Ombi lako wewe nalo liwe fupi, likishika kitu kimoja na kitendo kimoja. "Leta kikombe." Akileta, ndipo lifuate la pili. Wale wanaompa mtoto wa miaka mitatu maagizo matatu kwa pumzi moja, kisha wakastaajabu kwamba alifanya la mwisho tu, wangefaa wakumbuke siku zao za mafunzo.

Kwa polisi liko jambo la nyongeza. Mtoto aliyepotea huletwa kituoni, na mwenye zamu humwuliza kwa upole, "Je, unalijua jina la baba yako?" Mtoto hujibu "Ndiyo," akanyamaza. Ameulizwa kama anajua, naye amejibu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 na Angela Evans na wenzake huko Amerika ya Kaskazini ulionyesha kwamba hata watoto wadogo wasio na hitilafu yoyote huyajibu maswali ya "je, unajua" kwa "ndiyo" tupu, na mahakamani jambo hilo linaweza kumfanya shahidi mdogo aonekane anaficha. Dawa yake ni kuuliza lenyewe: "Baba anaitwa nani?" Mwaka 2011 Pamela Snow na Martine Powell wa Australia walichapisha habari za vijana wa kiume 100 waliokuwa kizuizini, 46 kati yao walikutwa na upungufu wa lugha ya mazungumzo. Mabega yanayoinuliwa, macho yaliyoinama na jibu la "sijui" katika chumba cha mahojiano huweza kuwa kiburi. Huweza pia kuwa mtoto yule wa mlangoni aliyekua bila mtu kutambua.

Basi anayeandika maelezo ya mtoto na aliandike swali lake mwenyewe pamoja na jibu, neno kwa neno, ili atakayesoma faili ajue mtoto aliulizwa nini hasa. Mtoto akinyamaza, swali lile lile lirudiwe kwa maneno machache zaidi, sauti ikiwa ile ile, na apewe muda wa kujibu kabla ya swali jingine.