Ulimi Mweupe: Utando Huo Watoka Wapi?

Mtoto aamkapo na homa katika kata ya Mabogini, kusini ya mji wa Moshi, si ajabu mzazi kumwambia atoe ulimi. Auonapo umefunikwa na utando mweupe, hukata shauri papo hapo: ni malaria. Dhana hiyo haikuzuka bure. Mabogini ni nchi ya mpunga. Mradi wa umwagiliaji wa Moshi Chini ulikamilika mwaka 1987, na maji yatuamayo majarubani ni mazalio ya mbu. Hata hivyo malaria hutambuliwa kwa kupima damu, si kwa kutazama ulimi. Utafiti uliofanywa katika hospitali mbili za Moshi mwaka 2007 na 2008 ulihusu wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa. Wagonjwa 528 walidhaniwa kuwa na malaria. Vipimo vilionyesha kuwa malaria ndiyo iliyowaugua 14 tu.

Basi weupe huo ni nini? Juu ya ulimi mna vinyweleo vifupi mno, ambavyo ncha zake ni za ugumu wa namna ya kucha. Chembe za ncha hizo hufa na kubanduka daima, na nyingine huota mahali pake. Kwa mtu mwenye afya, mate na chakula kigumu huzisugua na kuzisafirisha tumboni. Mgonjwa wa homa, ya aina yoyote ile, hupungukiwa maji mwilini. Mate humkauka, hupumua kwa mdomo, naye hali ila uji au mtori. Chembe zilizokufa hurundikana, bakteria na mabaki ya chakula hunasa humo, na ulimi huwa mweupe. Watu wengi huamka na ukoga kama huo asubuhi, ingawa hawaumwi na lolote.

Lakini kuna weupe wa namna nyingine. Hutokana na kuvu iitwayo kandida, ambayo ni ndugu wa mbali wa hamira ichachushayo mbege. Kuvu hii huishi katika vinywa vya watu wengi bila kuleta madhara, kwa sababu bakteria wa kinywani na kinga ya mwili huizuia isienee. Kizuizi kikidhoofika, hustawi. Ndiyo maana huonekana kwa watoto wachanga, kwa wenye kisukari, na kwa waliotumia dawa za kuua bakteria kwa muda mrefu. Kwa mtu mzima asiye na sababu kama hizo, yafaa apime virusi vya UKIMWI, kwani kuvu ya kinywani huweza kuwa miongoni mwa dalili za awali za kinga iliyopungua.

Mama anyonyeshaye aweza kufanya jaribio jepesi. Apanguse ulimi wa mtoto taratibu kwa kitambaa safi chenye maji. Mabaki ya maziwa hutoka upesi. Utando wa kandida hung'ang'ania, na ukibanduliwa huacha pekundu, pengine hata penye damu. Hapo asiendelee kusugua, bali ampeleke mtoto zahanati apewe dawa ya kuvu, kama vile nistatini. (Wako waukwaruao kwa ukucha. Huko ni kumwongezea mtoto kidonda.)

Liko pia baka jeupe lisilopanguswa kabisa, hasa ubavuni au chini ya ulimi. Haliumi, na kwa hiyo hupuuzwa. Huwapata zaidi wavutaji wa sigara na watumiaji wa tumbaku ya kutafuna au ugoro, na baadhi ya mabaka hayo hugeuka kuwa saratani. Likidumu zaidi ya majuma mawili, daktari hukata kipande kidogo na kukipeleka maabara kitazamwe kwa darubini, maana kwa macho matupu hata mtaalamu hawezi kutenganisha lililo salama na lile la hatari.