Kodi ya Seva: Makao Nafuu ya Mchezo wa Mtandaoni kwa Wachezaji wa Mombasa Bara

Miongoni mwa mambo yaliyoletwa na kuenea kwa intaneti katika pwani ya Kenya ni michezo ya kompyuta inayowakutanisha wachezaji walio mbalimbali. Kijana aliyeko Likoni huweza kujenga ngome pamoja na mwenzake wa Kisauni, na wa tatu aliyeko Changamwe akaja kuibomoa, bila hata mmoja wao kupanda feri. Ili hayo yawezekane, sharti iwepo kompyuta moja inayoitunza dunia ya mchezo na kuwapasha wachezaji wote habari za kila kinachotendeka ndani yake. Kompyuta hiyo ndiyo seva. Makala haya yanaeleza jinsi kikundi kidogo chenye mfuko mwembamba kinavyoweza kuipatia seva yake makao. Mfano utakaotumika ni Minecraft, mchezo uliotolewa rasmi mwaka 2011, kwa kuwa programu ya seva yake hutolewa bure na wenyewe.

Mwanafunzi wa Kiswahili aliyezoea mabishano ya tarakilishi, ngamizi na kompyuta huenda akauliza huduma hii iitweje. Neno upangishaji linafaa, na linafaa Mombasa kuliko kwingineko, kwani aina za huduma zenyewe zinalingana ajabu na makazi ya mji huo. Mpangaji wa chumba katika nyumba ya Kiswahili ana mlango wake na kufuli yake, lakini ua, choo na bomba ni vya wote. Ndivyo ilivyo seva pepe: mashine moja kubwa hugawanywa vyumba kwa programu, na kila mpangaji akawa bwana wa chumba chake. Jirani akifua nguo kutwa nzima, maji ya bombani hupungua. Vivyo hivyo mwenye huduma akijaza wapangaji kupita kiasi, mchezo hukwama ingawa chumba chenyewe hakijapungua upana. Kupanga nyumba nzima ni kukodi mashine isiyoshirikiwa na mtu. Iko pia aina ya tatu, ambayo Mombasa inaijua tangu enzi za ukoloni kwa jina la nyumba bila ardhi: mtu hujenga nyumba yake juu ya kiwanja cha mwingine, akamlipa mwenye ardhi kodi ya uwanja. Katika vituo vya data, mteja huleta mashine yake mwenyewe akalipia nafasi, umeme na ubaridi. Kituo kimoja cha namna hiyo, cha kampuni ya icolo, kiko Miritini, jirani kabisa na Changamwe. Kwa vijana kumi wanaochangishana shilingi mia mia, hata hivyo, kiwanja hicho ni cha kutazama kwa mbali.

Aghalabu wazo la kwanza huwa ni kuiweka seva nyumbani, kwa kudhani kwamba cha nyumbani ni cha bure. Hesabu inakataa. Kompyuta inayotumia wati 100 usiku na mchana hula yuniti 72 za umeme kwa mwezi. Yuniti moja ikihesabiwa kwa shilingi 25 tu, jumla ni shilingi 1,800. Chumba cha seva pepe huko Ujerumani hupatikana kwa dola chache. Tuseme dola 6, ambazo kwa kiwango cha shilingi 129 kwa dola ni shilingi 774, na hata ukiongezwa ushuru wa thamani wa asilimia 16 hazifiki 900. Isitoshe, kampuni nyingi za intaneti huwapa wateja wengi anwani moja ya kushirikiana, hivi kwamba mgeni anayebisha hodi kutoka nje haujui mlango wa nyumba ipi. Na umeme wenyewe una siku zake: usiku wa tarehe 25 Agosti 2023 karibu Kenya nzima ilikuwa gizani.

Kama Ujerumani ni rahisi hivyo, mbona shauri lisiishie hapo? Jibu limo katika umbali. Nuru husafiri ndani ya kebo ya kioo kwa kasi ya takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo kila kilomita 1,000 hudai milisekunde 10 za kwenda na kurudi. Njia ya kebo kutoka Mombasa kupitia Bahari ya Shamu na Misri hadi Frankfurt inakaribia kilomita 10,000. Basi milisekunde 100 zimekwisha kabla ya mtambo wowote wa njiani kudai haki yake. Hapa watu wengi hukosea kwa kununua kifurushi kikubwa zaidi cha intaneti. Feri ya Likoni hubeba umati kwa safari moja, lakini aliye ndani yake hafiki ng'ambo mapema zaidi kwa sababu feri ni pana. Kifurushi huongeza upana, hakifupishi safari.

Seva ya Minecraft huisogeza dunia yake mara 20 kwa sekunde, yaani kila baada ya milisekunde 50. Mchezaji wa Kisauni anayetumia seva ya Frankfurt huiona dunia ikiwa imekwisha kusogea hatua mbili au tatu. Kwa mwenye kujenga nyumba na kulima shamba hilo si neno. Kwa wanaopigana upanga, au wanaocheza michezo ya kulengana risasi, ni tofauti ya mshindi na marehemu, na hapo Nairobi, isiyozidi kilomita mia tano hivi, ina thamani ya kodi yake kubwa.

Jambo hili lina historia. Kituo cha kubadilishana mawasiliano ya intaneti nchini Kenya, KIXP, kilianzishwa Nairobi mwaka 2000 ili ujumbe wa Mkenya kwa Mkenya usizungushwe ng'ambo. Kilifungwa muda mfupi baadaye kwa amri ya tume ya mawasiliano, kikafunguliwa tena mwaka 2002. Baadaye zikaja kebo za baharini kutua Mombasa, SEACOM na TEAMS mwaka 2009 na EASSy mwaka 2010, na gharama zikashuka. Lakini bahari haina mlinzi. Februari 2012 nanga ya meli iliikata TEAMS karibu na Mombasa, na tarehe 12 Mei 2024 EASSy na SEACOM zilikatika kwa pamoja, intaneti ya Afrika Mashariki ikadorora. Seva iliyoko Nairobi hufikiwa kwa nchi kavu, ingawa ukaguzi wa akaunti za Minecraft bado hupitia ng'ambo.

Katika kuchagua, jina la kifurushi lisimbabaishe mtu. Upangishaji wa tovuti, unaouzwa kwa bei ya chini sana na kampuni nyingi za humu nchini, hauwezi kuendesha seva ya mchezo. Kinachohitajika ni kumbukumbu ya gigabaiti 2 hadi 4 kwa wachezaji wasiozidi kumi, na kichakata chenye kasi kwa kila kiini, kwa kuwa Minecraft huweka sehemu kubwa ya kazi yake juu ya kiini kimoja. Viini vinane vizito havimfaidi mtu. Wanaocheza kwa simu wahakikishe kwamba seva ni ya toleo lao, maana toleo la simu na lile la Java hayasikilizani moja kwa moja. Ilipwe kodi ya mwezi mmoja kwanza, na seva ijaribiwe saa tatu usiku, wakati mtaa mzima uko mtandaoni, wala si alfajiri.

Tangu mwaka 2022 kadi pepe ya M-Pesa imewawezesha wasio na kadi ya benki kulipa kampuni za ng'ambo. Hata hivyo, akaunti hufunguliwa kwa jina la mmoja. Huyo akisafiri, akigombana na wenzake au akisahau tarehe ya kodi, kampuni hufunga chumba na baada ya muda hukifuta, na miezi ya ujenzi ikaenda nacho; mwenye nyumba wa Frankfurt haji kugonga mlango. Nenosiri liwe mikononi mwa watu wawili, na kila Ijumaa nakala ya dunia nzima ipakuliwe hadi kwenye kompyuta ya mwanachama ambaye si yule anayelipa.